Butura ya Kompyuta: Neno kwa Ndugu Zangu wa Karagwe na Kyerwa

Msomaji asiyetoka Kagera atahitaji kuelezwa neno moja kabla hatujaendelea. Butura ni desturi ya kuuza kahawa ikiwa ingali ua mtini au punje changa, kwa bei ya kutupwa, ili mkulima apate fedha ya dharura: ada ya mtoto, matibabu, msiba. Mnunuzi wa butura hanunui kahawa, ananunua shida ya mwenye kahawa. Msimu ukifika, mwenye shamba huchuma, huanika, hubeba magunia, lakini mavuno si yake tena. Serikali imeipiga marufuku desturi hiyo, vyama vya ushirika vimeipigia kelele, na bado ipo, kwa sababu shida zinazoizaa bado zipo.

Leo naandika juu ya butura nyingine, isiyo na mizani wala gunia. Inafanyika mchana kweupe Omurushaka, Kayanga, Nkwenda, Kaisho na Murongo, katika vibanda tunavyoviita steshenari. Mwalimu anafika na simu yake, anasoma nywila yake kwa sauti, kijana aliyeketi mbele ya kompyuta anaiandika, kazi inafanyika, mwalimu analipa, anaondoka. Mhitimu wa kidato cha sita anafika na bahasha yenye cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa na taarifa za benki za mzazi; vyote vinapigwa picha na kuingizwa katika mashine, na mashine inabaki navyo. Wote wawili wameuza kitu ambacho bado kiko uani. Bei yake watakuja kuijua baadaye, kama watakuja kuijua.

Nieleweke vizuri. Siandiki dhidi ya Serikali kuhamia mtandaoni. Aliyewahi kuona mtumishi wa Murongo akifunga safari hadi Dodoma kufuatilia barua moja ya uhamisho hawezi kuililia enzi ile. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliweka msingi, na mifumo ikafuata kwa kasi ambayo wengi hatukuitarajia. Leo mtumishi wa umma anaomba uhamisho na likizo kupitia ESS; utendaji wake unapimwa kupitia PEPMIS iliyochukua nafasi ya OPRAS; hata mkopo wa benki unaombwa humo humo. Zabuni za umma zinapita NeST, na mfumo huo umemfikia hadi mwalimu mkuu wa shule ya msingi anayetaka kununua saruji ya kukarabati darasa. Kijana anatafuta kazi kupitia Ajira Portal, na mkopo wa elimu ya juu unaombwa mtandaoni. Hakuna katika hayo ninalotaka lirudishwe kwenye karatasi.

Nalalamikia kitu kingine. Tuliwaamuru wananchi na watumishi waingie katika nyumba hiyo mpya, tusiwafundishe mlango uko wapi wala ufunguo unashikwaje. Kwa hiyo wamemwajiri bawabu. Bawabu huyo hana kiapo, hana mkataba, hana mafunzo ya kutunza siri za watu, na mara nyingi hana hata dirisha la kufunga usiku. Steshenari imekuwa kaunta ya Serikali isiyo rasmi, na hakuna bajeti ya halmashauri inayoitambua.

Si mara ya kwanza nchi hii kukutana na mashine bila kuielewa. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mpango wa kuhamishia hesabu za Serikali katika kompyuta ulikwama, hesabu zikarudishwa katika njia za zamani, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini. Wapo wanaoisimulia habari hiyo kwa kucheka, kama kichekesho cha enzi za Ujamaa. Mimi sicheki. Waliotoa amri ile waliona fedha za kigeni zikitoka, wataalamu wa kigeni wakiingia, na matokeo yasionekane. Walichokosea ni utambuzi wa ugonjwa: walidhani tatizo ni mashine, kumbe tatizo lilikuwa kwamba ndani ya ofisi zetu hapakuwa na watu wa kutosha wanaojua mashine inafanya nini na kwa amri ya nani. Marufuku ilikuja kulegezwa baadaye. Ujinga ule wa ndani ya ofisi haukufutwa kwa tangazo, na ndio tunaouendeleza sasa kwa namna nyingine.

Basi tuanze palipopaswa kuanziwa. Kompyuta ni nini, na ni nani anayetoa amri ndani yake?

Nitatumia mfano wa chama cha msingi cha ushirika, ambao kila mkulima wa Bugene au Mabira anaufahamu. Chama kina ghala, mizani, daftari, funguo na fedha kidogo. Wakulima ni wengi na kila mmoja anataka ahudumiwe sasa hivi. Hakuna mkulima anayeingia ghalani mwenyewe, akajipimia, akajiandikia kilo na kwenda zake. Yupo katibu mwenye daftari, yupo mtunza ghala mwenye funguo. Mkulima anaomba, wao wanatenda. Ndani ya kompyuta, diski ni ghala, kumbukumbu ya muda iitwayo RAM ni ile meza ya mapokezi, na kibodi, printa na mtandao ni milango. Programu tunazozitumia, ile ya kuandikia barua, ile ya hesabu, kivinjari tunachofungulia tovuti, ndizo wakulima. Haziruhusiwi kugusa diski wala printa kwa mkono wao. Huomba. Anayeombwa, anayeamua nani ahudumiwe kwanza, nani apewe nafasi mezani, nani aingie ghalani na nani akataliwe, anaitwa mfumo endeshi.

Windows ni mfumo endeshi. Vivyo hivyo macOS ya kompyuta za Apple, na Linux iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Finland. Android iliyomo katika simu nyingi za wilaya zetu nayo ni mfumo endeshi, na kiini chake ni kile kile cha Linux. Maana yake ni kwamba mama muuza ndizi wa Isingiro ya Kyerwa, anayepokea malipo kwa simu janja, anatumia Linux kila siku ya Mungu, wakati mkuu wa idara katika halmashauri anaapa kwamba Linux ni ya wataalamu tu.

Kutokana na mfano huo linafuata jambo ambalo natamani kila mtumishi alishike hata akisahau mengine yote. Katibu na mtunza ghala wakihongwa, hakuna mkulima aliye salama, awe mwaminifu namna gani. Tovuti ya Serikali inaweza kuwa na ulinzi wa hali ya juu huko Dodoma. Lakini nywila yako inaandikwa kwa kibodi iliyoko Nkwenda, na kila herufi inapita mikononi mwa mfumo endeshi wa mashine ile kabla haijafika Dodoma. Kama ndani ya mashine ile mna programu inayonakili kila kinachobonyezwa, ulinzi wa Dodoma hauna habari. Swali la kwanza la usalama si tovuti gani unafungua, ni mashine ya nani, na nani aliweka nini ndani yake.

Hapo ndipo tunafika kwenye kile ambacho mtaani kinaitwa kupiga Windows. Lugha ya mitaani ina ukweli wake. Tunapiga pasi, tunapiga chapa, tunapiga sindano. Na Windows inapigwa kama sindano, mgonjwa haulizi ndani ya bomba kuna nini. Kompyuta mpakato imenunuliwa mkononi, imetoka Kariakoo au imevuka kutoka Uganda, ina umri wa miaka minane. Inakuwa nzito, inapelekwa kwa fundi. Fundi anachomeka flashi yake, ile ile aliyoichomeka katika mashine arobaini kabla ya hiyo, anafuta kilichokuwamo, anaweka Windows isiyo na leseni, kisha anaongeza programu za ofisi zilizovunjwa kufuli. Picha za harusi na andiko la shahada ya pili vilivyokuwa katika diski vimekwenda na maji. Mwenye mashine analipa na kushukuru.

Kuna jambo moja katika utaratibu huo ambalo mafundi wengi hulitenda bila kulitafakari. Programu iliyovunjwa kufuli karibu kila mara huja na kifaa kidogo cha kuidanganya leseni, na maelekezo ya kifaa hicho husema: kabla ya kukifungua, zima kwanza kinga ya virusi. Fikiri juu ya agizo hilo. Mgeni anafika usiku langoni, anakuambia kwamba ataingia kwa amani, ila kwanza umfunge mbwa. Huenda ni mgeni mwema. Lakini kwa nini mbwa afungwe? Vifaa hivyo ni njia inayopendwa sana duniani na wanaosambaza programu za kuiba nywila, kwa sababu mwathirika anafungua mlango mwenyewe na anatoa idhini kamili ya msimamizi. Humo hakuna uchawi wala utaalamu wa kupindukia.

Halafu kuna suala la masasisho. Mfumo endeshi huandikwa na binadamu, nao huacha matundu. Matundu yakigunduliwa, watengenezaji hutuma viraka. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za Uingereza, kikipitia tundu la Windows ambalo kiraka chake kilikwisha kutolewa miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Fundi anayepiga Windows isiyo na leseni mara nyingi huzima masasisho makusudi ili leseni bandia isigundulike, na mteja hufurahi kwa sababu kifurushi chake cha intaneti hakiliwi. Wote wawili wameridhika, na tundu limebaki wazi.

Ziko tarehe mbili ambazo kila ofisi ya umma ilipaswa kuzibandika ukutani. Januari 14, 2020, Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 7. Oktoba 14, 2025, ikafunga ule wa Windows 10. Mashine hazikuzimika siku hizo, na ndiyo maana wengi hawakuona kitu. Kilichokoma ni viraka vya bure kwa watu wote. Na Windows 11, iliyopaswa kuwa kimbilio, inataka RAM isiyopungua gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, kijenzi cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kichakato cha miaka ya karibuni. Mashine nyingi za mkononi tunazonunua hukwama katika masharti hayo mawili ya mwisho. Kwa hiyo mwalimu wa Nyaishozi anayetumia kompyuta ya mwaka 2014 ameachwa njiani, na hakuna waraka uliomwambia.

Afanye nini? Nitasema anachoweza kufanya mtu asiyejua kitu, kwa sababu mimi mwenyewe si mtaalamu wa kompyuta. Taaluma yangu ni siasa na jamii, na haya nimejifunza kwa kusoma na kuuliza.

Ajue kwanza alicho nacho. Katika Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows, andika winver, bonyeza Enter, na dirisha dogo litakuambia toleo. Katika mipangilio ya mfumo, sehemu ya maelezo kuhusu mashine, utaona RAM ni kiasi gani na kama mfumo ni wa biti 64 au 32. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua ni programu gani itakubali kukaa katika mashine yako. Kuyajua kunachukua dakika mbili, na ukiyajua fundi hawezi tena kukuuzia maneno. Kisha, kabla ya kuruhusu mkono wowote kugusa mfumo endeshi, nakili faili zako katika diski ya nje au flashi mbili. Nasema mbili kwa sababu flashi hufa bila kuaga.

Kusakinisha programu ni kumwambia katibu amwandikishe mwanachama mpya na kumpa haki fulani ghalani. Kwa hiyo swali ni mwanachama huyo katoka wapi. Ukitaka programu ya kuchezea video, VLC, nenda kwa waliyoitengeneza, tovuti ya videolan.org, usiende katika ukurasa wa kwanza unaotokea ukitafuta, ambao mara nyingi ni tangazo lenye vitufe vitano vya kupakua, vinne kati yake vikiwa mitego. Ukitaka programu za ofisi bila kulipa na bila kuiba, LibreOffice ipo katika libreoffice.org, ni megabaiti mia tatu na zaidi, kifurushi cha siku moja kinatosha. Wakati wa kusakinisha, skrini hufifia na Windows huuliza kama unairuhusu programu hii ibadilishe kifaa chako. Wengi hubonyeza Ndiyo kama wanavyofukuza nzi. Ile ndiyo saa katibu anakuomba saini ya kukabidhi funguo. Soma jina la mchapishaji lililoandikwa pale. Likisema hajulikani, na hukuwa unasakinisha kitu chochote, bonyeza Hapana, na hakuna kitakachoharibika. Katika hatua zinazofuata, vile visanduku vilivyokwisha kutiwa alama kwa niaba yako ndivyo vinavyoleta wageni usiowaalika, viondolee alama.

Kuna hatua moja isiyogharimu chochote ambayo karibu hakuna ofisi inayoifuata: kuwa na akaunti mbili katika mashine. Moja ya msimamizi, yenye nywila, inayotumika siku ya kusakinisha tu; nyingine ya kawaida kwa kazi za kila siku. Programu haribifu ikiingia ukiwa katika akaunti ya kawaida, inaingia na haki za mkulima, haiingii na funguo za mtunza ghala. Bado inaweza kukuumiza, lakini haiwezi kirahisi kuihodhi mashine nzima.

Na simu? Huko ndiko watu wetu wengi wanakoumia, wala hawajui kwamba walikuwa wanasakinisha programu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hila ya nyingi za aina hiyo inajulikana: unaposakinisha, mfumo endeshi wa simu unauliza kwa lugha nyepesi kabisa kama unairuhusu programu isome majina yaliyomo katika simu yako. Ukikubali, ukachelewa kulipa, wakwe zako wa Ihembe na mkuu wako wa shule wanapokea ujumbe wa kukuaibisha. Simu ilikuuliza. Ilikuuliza, lakini haijatokea mtu aliyekufundisha kwamba lile ni swali.

Sasa niseme juu ya njia ambayo naona inafaa zaidi kwa mazingira yetu, ingawa najua itachekwa. Mashine iliyoachwa njiani na Windows 11 inaweza kupewa maisha mengine kwa Linux. Mfumo wa Ubuntu ulianzishwa na Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth, ukatoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004. Jina lake Mnyambo hahitaji kutafsiriwa, analisikia ndani ya neno lake omuntu. Linux Mint ni nduguye, mwepesi kidogo na wenye sura iliyo karibu na Windows. Yote miwili ni ya bure, inapata masasisho, na ina sifa moja ya kisheria ambayo wanaharakati wetu wangepaswa kuitangaza: leseni zake zinakuruhusu kunakili na kumgawia jirani. Ile desturi ya flashi moja kuzunguka mashine arobaini, ambayo kwa Windows ni wizi, kwa Linux ni halali. Mtu mmoja mwenye intaneti nzuri Kayanga anapakua mara moja, gigabaiti chache, na kata nzima inanufaika. Watengenezaji huchapisha pia namba ndefu ya uhakiki. Ukiilinganisha na ile ya faili lako zikafanana, unajua hakuna aliyetia mkono njiani. Tena unaweza kuijaribu kutoka katika flashi bila kufuta chochote katika diski. Usipoipenda, unachomoa, unawasha upya, Windows yako ipo palepale.

Wapo watakaonijibu kwamba ofisi za Serikali zinadai faili za Excel zenye fomula na amri za ndani ambazo LibreOffice huzivuruga. Ni kweli, nimeona. Mhasibu wa halmashauri abaki na Windows, na mwajiri wake alipie leseni. Lakini mifumo mingi niliyoitaja hapo juu hufunguliwa ndani ya kivinjari, na Firefox ya Linux ni Firefox ile ile. Kwa mwalimu anayehitaji kuandika mitihani, kujaza tathmini yake na kusoma barua pepe, hoja ya Excel ni kisingizio.

Lugha nayo ina sehemu yake katika lawama. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Microsoft nayo ikaleta sura ya Kiswahili kwa bidhaa zake miaka hiyo hiyo. Yalikuwa mafanikio ya kweli. Lakini nenda leo katika shule yoyote ya sekondari ya kata uulize nani amewahi kuiona Jambo OpenOffice. Tulitafsiri menyu, hatukutafsiri mafunzo. Wataalamu wakabaki wakibishana kama ni kusakinisha au kusimika, kama ni tarakilishi au kompyuta, na mtaa ukaamua kupiga. Sina ugomvi na neno lolote kati ya hayo. Ningependa tu mwalimu wa Kaisho aelezwe, kwa lugha anayoifikiria, kwamba dirisha lililotokea mbele yake linamwomba ufunguo.

Nirudi kwa kijana wa steshenari, maana naogopa nitasomwa kama ninayemshitaki. Huyu kwa kawaida ni mhitimu asiye na ajira, aliyekopa kununua printa, anayefanya kazi ambayo Serikali ilipaswa kuifanya na anaifanya kwa uvumilivu kuliko maofisa wengi. Bila yeye, watoto wengi wa Karagwe na Kyerwa wasingepata mkopo wa elimu ya juu. Tatizo ni kwamba tumemrundikia amana asiyoiomba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inadai anayekusanya taarifa za watu azitunze na azitumie kwa lengo lililokusudiwa. Fungua folda ya vilivyopakuliwa katika mashine yoyote ya steshenari msimu wa maombi ya mikopo, utakuta vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vya watu waliokwisha kusahau kwamba waliwahi kupita pale. Na kuna madhara ya kimya zaidi. Ili kazi iende haraka, kijana humfungulia mteja barua pepe mpya, akaweka nywila anayoijua yeye na wakati mwingine namba yake ya simu. Miezi minane baadaye mwanafunzi yuko chuoni Mwanza au Dodoma, anataka kurekebisha taarifa za mkopo, mfumo unatuma namba ya uthibitisho, na namba hiyo inalia mfukoni mwa mtu aliyeko Omurushaka ambaye laini ile alikwisha kuitupa. Ada inadaiwa, mtihani unakaribia, na mlango ni wake lakini ufunguo hana.

Mtumishi mwenye nywila ya ESS iliyoko mikononi mwa watu watatu yuko katika hali mbaya zaidi, maana kwake ni mshahara. Tunawajua wakopeshaji wanaoshikilia kadi za benki za walimu pamoja na namba za siri. Haihitaji ubunifu mkubwa kwao kuhama kutoka kadi kwenda nywila.

Mambo yanayoweza kufanyika bila kusubiri Dodoma yapo. Kila halmashauri ina kitengo cha TEHAMA. Kazi yake isiishie kuunganisha projekta siku ya kikao. Shule za sekondari za kata zenye kompyuta zingeweza kufunguliwa Jumamosi mbili kwa mwezi, watumishi na wahitimu wakafungua akaunti zao kwa mikono yao, kwa simu zao, mwalimu wa kompyuta akiwa pembeni na mikono yake ikiwa nyuma. Vijana wa steshenari waalikwe kwanza, wapewe flashi yenye programu halali, wafundishwe kufuta faili za wateja kila jioni na kufungua kivinjari kwa njia isiyohifadhi nywila. Karagwe ina redio ya jamii ya FADECO, ambayo wakulima wameizoea kwa masuala ya shambani. Nusu saa kwa wiki juu ya kile simu inachokuuliza kabla hujabonyeza Ruhusu ingesikilizwa mpaka Murongo. Na ninyi wanafunzi wangu mnaorudi nyumbani likizoni, mnayo mashine moja ya mjomba au ya shangazi ambayo inaweza kuwekewa akaunti ya pili mchana mmoja.

Wanaharakati wa wilaya hizi mbili hunitumia mara kwa mara maswali wanayotaka kuyapeleka kwa madiwani. Safari hii naomba wapeleke langu, Kayanga kwa Karagwe na Rubwera kwa Kyerwa, liandikwe katika kumbukumbu za kikao na lijibiwe kwa tarakimu: Halmashauri ina kompyuta ngapi zinazofanya kazi, ngapi kati ya hizo bado ziko katika Windows 10 au chini ya hapo, ngapi zina leseni halali, ni nani mwenye nywila ya msimamizi katika kila moja, na katika bajeti ya mwaka huu ni shilingi ngapi zimetengwa kumfundisha mtumishi aliyeko chini kabisa, yule wa kijiji na wa zahanati, namna ya kuitumia mashine ambayo amekwisha kuamriwa aitumie.